Lupu Ikikimbia, Sauti Hukonda

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie habari ya sauti iliyokatazwa kuisha.

Mwaka 1948, mjini Paris, palikuwa na mhandisi wa redio aliyeitwa Pierre Schaeffer. Siku hizo sauti zilichongwa kwenye santuri, na mfereji wake huzunguka ukielekea katikati, sindano ikiufuata mpaka wimbo unakwisha. Schaeffer akaufunga mfereji: mwisho wake ukaungana na mwanzo wake. Sindano ikanasa humo, ikawa inazunguka palepale. Ukirekodi treni, treni inapita, inapita tena, inapita tena, wala stesheni haifiki. Hiyo ndiyo lupu.

Sasa sikilizeni vizuri. Santuri ile ilikwenda mizunguko 78 kwa dakika, kwa hiyo lupu yake haikufika hata sekunde moja. Ukitaka iende haraka zaidi, unaizungusha haraka zaidi, na hapo ndipo sauti inapokonda. Mzee mwenye sauti nzito anaimba kama mtoto wa chekechea! Ukiizungusha mara mbili ya kasi yake, inapanda oktava nzima. Ukiipunguza kasi, inanenepa na kunguruma. Kasi na unene wa sauti vilikuwa ndugu waliofungwa kamba moja. Huwezi kumvuta huyu ukamwacha yule.

Miaka ikapita, kompyuta zikaja. Mwaka 2001, kampuni ya Ableton ya Berlin ilitoa programu iitwayo Live. Miongoni mwa walioianzisha kampuni hiyo walikuwamo Gerhard Behles na Robert Henke, wanamuziki waliopiga pamoja kwa jina la Monolake. Nawataja kwa sababu uanamuziki wao unaonekana ndani ya kazi yao: programu ilitengenezwa na watu waliojua jukwaa. Kwenye kioo unaona vyumba vidogovidogo, kila chumba kina lupu yake. Unabonyeza, inalia. Na kamba ile ya kasi na unene wa sauti unaweza kuikata.

Inakatwaje? Programu inaichana sauti vipande vidogo sana. Ukiongeza kasi, vipande vinasogezwa karibu hadi vinapandana. Ukipunguza, vinaachana, na mapengo yanazibwa kwa kurudia vipande vilevile. Ukivuta kidogo, sikio halishtuki. Ukivuta sana, mishono inasikika.

Ndiyo maana Live inakupa njia kadhaa za kuchana. Njia ya Beats ni ya ngoma: inalinda pale mkono unapogonga ngozi, ili pigo libaki kali. Lakini mtie mwimbaji humo, kisha upunguze kasi sana, utasikia ana kigugumizi. Kwa sauti moja inayosikika peke yake, kama gitaa la besi au mwimbaji asiye na wapigaji, kuna Tones. Wimbo mzima wenye kila kitu ndani unafaa Complex au Complex Pro, ila njia hizi zina gharama. Wenyewe Ableton wanasema Complex hula nguvu ya kompyuta takribani mara 10 ya njia nyingine. Washa nyingi kwa pamoja kwenye kompyuta dhaifu, uone itakavyokohoa.

Halafu ipo Re-Pitch. Hii haichani chochote. Inazungusha tu, sawasawa na santuri ya Schaeffer, na sauti inakonda kama zamani. Msiidharau! Pale Dar es Salaam, vijana wa muziki wa singeli walichukua vipande vya taarabu wakavikimbiza mpaka kinanda kikawa chembamba na chenye makali, kasi ikapita mapigo 200 kwa dakika. Wangeogopa sauti kukonda, mlio ule tusingeupata. Kwangu mimi, huo ni ugunduzi mkubwa kuliko kitufe chochote.

Tuingie jukwaani sasa. Kidole cha binadamu huwahi au huchelewa. Kwa hiyo Live, usipobadilisha kitu, husubiri mwanzo wa duru ya mapigo manne ndipo iiachie lupu uliyoibonyeza. Kwa kasi ya mapigo 100, duru moja ni sekunde 2.4, basi bonyeza mapema kidogo, yenyewe itaingia kwa wakati. Ukiuzima mpangilio huo, lupu inalia papo hapo kidole kinapogusa. Kwa kelele na vigelegele, safi kabisa. Kwa ngoma, uwe na uhakika na kidole chako.

Liko jambo la mwisho, nalo ndilo linalowaumbua wengi mbele ya watu: bafa. Mfikirieni mpika chapati. Akingoja sahani ijae ndipo agawe, mteja wa kwanza atakaa na njaa, lakini chapati hazitakatika katikati ya mlo. Akitoa moja moja, mteja anakula upesi. Ila mpishi akichelewa kidogo tu, mdomo unabaki mtupu. Bafa ndiyo sahani hiyo: kompyuta hukusanya sauti humo kabla ya kuipeleka kwenye spika. Kwa sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 44,100 kila sekunde, bafa ya sampuli 512 inachelewesha sauti kama milisekunde 12, na ya 128 kama milisekunde 3. Bafa ikiwa ndogo mno kwa kompyuta yako, spika zinatoa tk, tk, tk.

Kwa anayepiga kinanda kwa vidole, milisekunde hizo zina maana, basi apunguze bafa kadiri kompyuta inavyostahimili. Anayeachia lupu tu hana haja ya kuikaza. Programu inaweza kumsubirisha hadi duru nzima, milisekunde 12 zitampunguzia nini? Aweke 512 atulie. Na lupu za Complex Pro zinazolemea azigandishe kwa amri ya Freeze kabla ya onyesho, kompyuta ipumue. Kisha apige seti yote nyumbani kwa kompyuta ileile atakayoipeleka, kuanzia lupu ya kwanza hadi ya mwisho, na mahali itakapokatika ndipo pa kurekebisha.