Gesi Iliyokataa Kuchambuliwa



Watoto wa Masakta, Mlima Hanang mnaujua, na Ziwa Balangida lenye magadi pia mnalijua. Katika bonde la ziwa hilo watafiti wamewahi kutafuta heliamu. Gesi hii huzaliwa ndani ya miamba mikongwe, urani na thoriamu zinapovunjika polepole. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba ipo nyingi Rukwa, hapa hapa Tanzania. Wakubwa wanazungumzia bei yake. Mimi nitawasimulia jinsi ilivyowatoa jasho mabingwa wa hesabu.

Kwanza mjue haidrojeni. Atomi yake ina elektroni moja inayozunguka kiini. Mwendo huo huonekana mmoja, kumbe ni mitatu: kuzunguka, kusogea karibu na mbali, na kuinuka na kushuka. Ni kama debe la mahindi, maharage na choroko. Ukichambua, kila fungu unalihesabu peke yake. Wataalamu huiita kazi hiyo kutenganisha vigeu.

Mwaka 1913 Niels Bohr wa Denmark alisema elektroni ina ngazi zake za nishati, na kati ya ngazi na ngazi hakuna pa kukanyaga. Arnold Sommerfeld wa Ujerumani akaongeza: kila fungu lihesabiwe kwa namba nzima, bila nusu punje. Hesabu ikalingana na rangi za mwanga wa haidrojeni. Shangwe!

Ikaja zamu ya heliamu, yenye elektroni mbili zinazosukumana. Moja ikisogea tu, mwenzake anayumba. Utachambua nini hapo? Mwaka 1917 mwanafizikia Albert Einstein alionya kwamba kanuni ile ya namba nzima inafaa pale tu ambapo kila sehemu ya mwendo ina kiasi chake kisichobadilika. Kwa miaka mingi ni wachache tu waliolijali onyo hilo. Hata mtu mashuhuri huweza kuongea na ukuta. Mwaka 1923 Hans Kramers wa Uholanzi akaijaribu heliamu kwa kanuni hiyohiyo, na jibu la nishati yake likapishana na kipimo cha maabara.

Mwaka 1926 Erwin Schrödinger akaifanya elektroni kuwa wimbi. Haidrojeni ikachambulika tena vizuri, heliamu ikagoma tena. Ndipo mwaka 1929 Egil Hylleraas wa Norway alipofanya jambo ninalolipenda kuliko yote: akauingiza umbali kati ya elektroni hizo mbili, ule ule uliokuwa unavuruga mambo, ndani ya hesabu yenyewe. Jibu likakaribia kipimo mno.

Lilikaribia tu. Hadi leo kompyuta zinaongeza tarakimu nyuma ya nukta, na fomula kamili ya heliamu hakuna aliyeiandika.