Mzee Akichanganyikiwa Ulizeni: Tangu Lini?

Wazee ni hazina ya kijiji. Wanajua mipaka ya mashamba. Wanajua habari za ukoo. Lakini wako wazee ambao huanza kuchanganyikiwa. Mzee husahau jina la mjukuu wake. Huenda kisimani, akashindwa kurudi.

Watu wengine husema, "Ni uzee tu." Wengine husema, "Amerogwa," au, "Yeye ndiye mchawi." Maneno hayo si ya kweli, tena yanaweza kuua. Mzee huyo ni mgonjwa.

Kuchanganyikiwa huja kwa njia mbili. Ili kuzitambua, ulizeni kwanza: Tangu lini?

KUCHANGANYIKIWA KWA GHAFLA

Jana mzee alizungumza vizuri. Leo hajui yuko wapi. Anaona vitu ambavyo havipo, au analala mchana kutwa. Asubuhi ana nafuu, usiku anazidi. Mwambieni ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma. Kama zamani aliweza na leo anapotea njiani, hiyo ni dalili.

Hii ni hatari. Chanzo chaweza kuwa malaria, nimonia, ugonjwa wa njia ya mkojo, kukosa maji mwilini, sukari kushuka, au dawa alizomeza. Mzee anaweza kuwa mgonjwa sana bila kuwa na homa. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Chukueni dawa zote anazotumia. Kama aligonga kichwa, hata wiki kadhaa zilizopita, semeni. Wengi wakitibiwa mapema hupata nafuu.

KUSAHAU KWA POLEPOLE

Njia ya pili huchukua miezi na miaka. Mzee huuliza jambo lile lile mara tano. Mama aliyesonga ugali maisha yake yote hajui tena aanze na nini. Huu ni ugonjwa wa ubongo. Huitwa demensia. Kusahau mahali ulipoweka jembe ni jambo la kawaida. Kusahau jembe ni la kazi gani ni dalili ya ugonjwa.

Utafiti uliotangazwa mwaka 2013 ulipima wazee 1,198 wa Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Wote walikuwa na miaka 70 au zaidi. Karibu wazee 6 katika kila 100 walikuwa na demensia.

Huko Hai ilitengenezwa pia njia ya kumpima hata mzee asiyejua kusoma. Huulizwa leo ni siku gani, na mkuu wa kijiji ni nani. Hutaja wanyama kwa dakika moja. Hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Huambiwa maneno 10, kisha baadaye huulizwa anayakumbuka mangapi. Lakini kwanza masikio na macho yake yachunguzwe. Mzee asiyesikia huweza kudhaniwa amepotewa na akili.

TUFANYE NINI?

Demensia haina dawa ya kuiponya, lakini matunzo husaidia sana.

• Msimfunge kamba, wala msimcheke.
• Msibishane naye. Mwambieni jambo moja moja, kwa upole.
• Ale, aoge na alale kwa saa zile zile kila siku.
• Asiachwe peke yake karibu na moto au kisima.
• Ndugu wapokezane zamu, mtunzaji naye apumzike.
• Mwenye demensia akibadilika ghafla, naye apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Ndugu msomaji, wasomee jirani zako habari hii. Mzee aliyechanganyikiwa anahitaji matibabu na matunzo, siyo lawama.