Farumi ya Pikapu: Chuma Kidogo Kibebacho Roho za Watu

Kiwayu haina barabara ya motokaa. Kisiwa hicho chembamba cha mchanga, chenye vijiji vya Kiwayu na Chandani, kwa safari ya mbali hutegemea chombo cha baharini. Lakini ng'ambo ya maji, huko Mkokoni na katika njia za mchanga ziendazo Kiunga na Hindi, Mtikuu akishuka mashuani hupanda pikapu. Hapo huyabadili mashaka ya mawimbi kwa mashaka ya mashimo, na hatari ni ile ile: chombo kulala upande mpaka kisiweze kuinuka.

Juu ya hatari hiyo baharia hahitaji mwalimu. Mashua ikipigwa na Kusi huinama. Ndipo magunia ya mchanga, yaani farumi, huhamishwa upande utokako upepo, na mabaharia wakakaa juu ya ubao uliotokezwa nje ya chombo, miili yao ikawa mizani. Nahodha atakayepuuza farumi tanga limeshiba upepo, amejitakia kuogelea.

Basi pikapu nayo ina kitu mfano wa farumi, ila abiria wengi hawakijui na madereva wengi hawakikumbuki. Mafundi hukiita stabilaiza. Ni ufito wa chuma cha springi uliopindwa miisho yake, uliolala chini ya gari kutoka upande hata upande. Katikati umeshikwa kwenye chesisi kwa bushi mbili za mpira. Na kila mwisho wake umeungwa na mkono wa gurudumu kwa kiungo kifupi kiitwacho linki. Fikira hii si ngeni: hati ya ubunifu wake ilitolewa mwaka 1919 kwa mtu wa Kanada, Stephen Coleman.

Kazi yake ni hii. Magurudumu mawili yakipanda tuta kwa pamoja, ufito huzunguka tu ndani ya bushi zake. Lakini gari likikata kona na mwili wake ukaegemea upande mmoja, ufito husokotwa. Na chuma cha springi hakipendi kusokotwa. Hujitahidi kurudi kilivyokuwa, na kule kurudi ndiko kuzuiako gari lisilale.

Ufito wenyewe ni nadra kukatika. Kinachokufa mapema ni linki na bushi, na katika mwambao wetu hufa upesi zaidi. Kifuniko cha mpira cha linki kikipasuka, mchanga huingia na kusaga kiungo kama jiwe la kusagia. Maji ya chumvi nayo hula nati mpaka zikagandana na bolti. Dereva apitaye ufukweni na aoshe chini ya gari kwa maji matamu, hata kama ni ndoo mbili tu za kisimani.

Dalili si za kutafutwa kwa darubini. Gari likipita vishimo vidogo kwa mwendo wa taratibu, husikika mgongo wa chuma, ko-ko-ko, kutoka upande mmoja. Kwenye kona, gari hulala kuliko desturi yake. Lisimamishe mahali tambarare, uzime injini, uzuie magurudumu kwa mawe, kisha uishike linki kwa mkono na kuitikisa. Ikicheza, imekwisha. Bushi zikiwa zimepasuka au zimeacha mwanya, nazo zimekwisha.

Kubadili si kazi ya siku nzima, lakini ina adabu zake. Nati zimwagiwe mafuta ya kulainisha tangu jana yake, na zisuguliwe kwa brashi ya waya. Magurudumu yote mawili ya upande wa mbele yainuliwe sawasawa, kwa sababu likiinuliwa moja tu, ufito hubaki umesokotwa na bolti itaruka kwa nguvu au itakataa kutoka. Gari likae juu ya stendi imara. Jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu aliye chini. Linki zibadilishwe mbili mbili, maana mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili ni kama kupiga makasia mawili yasiyolingana. Bushi zisipakwe grisi ya kawaida, kwani mafuta hayo huuvimbisha mpira. Mwisho, nati zikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji, na baada ya siku chache za safari zikaguliwe tena.

Wako madereva wazungushao nati na kuzitoa linki kabisa ili magurudumu yapande na kushuka kwa uhuru kwenye njia mbaya. Katika mchanga na mawe, kwa mwendo wa mtu atembeaye, hilo lina maana. Lakini safari haishii mchangani. Barabara ya Garsen, Witu na Lamu ina lami, na gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa mwaka 2021. Pikapu iliyozoea kutambaa sasa inapata mahali pa kukimbia. Ila ambayo mchanga uliificha kwa mwendo mdogo, lami huitoa hadharani kwa mwendo mkubwa, tena kwenye kona, na watu wakiwa wamejaa nyuma.

Wala mtu asidhani kwamba stabilaiza nzima ni ruhusa ya kupakia magunia mpaka juu ya kichwa cha gari na abiria juu yake. Farumi hukaa chini ya chombo, haikai mlingotini. Mzigo ukipanda juu, hakuna chuma kitakachoushinda.

Abiria aliyelipa nauli na kukaa juu ya gunia lake amemkabidhi dereva amana. Hana spana, wala hajui linki ni kitu gani. Atasema tawakali, na atasema kweli. Lakini tawakali ya abiria haimwondolei dereva wajibu wa kuinama chini ya gari lake. Nahodha hatweki tanga kabla hajaikagua ngama. Mwenye pikapu naye, asiposhughulika na mlio mdogo leo, usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa roho za watu.