Châteauneuf-du-Pape: Unalipia Divai au Jina?

Nchini Ufaransa ni nadra kupata chupa ya divai nyekundu ya Châteauneuf-du-Pape chini ya euro 20, na zenye sifa hupita 40. Ng'ambo ya mto Rhône kuna Lirac, ambayo mara nyingi huuzwa kwa karibu nusu ya bei hiyo. Zabibu zinazoongoza ni zilezile: grenache, ikisaidiwa na syrah na mourvèdre. Hata yale mawe makubwa ya mviringo yaliyotanda mashambani utayakuta kote kuwili.

Sehemu ya tofauti hiyo ya bei ni halali. Sheria inambana mkulima wa Châteauneuf asivune zaidi ya lita 3,500 za divai kwa hekta, ilhali wa Côtes du Rhône ya kawaida, divai ya jumla ya bonde hilo, anaruhusiwa hadi 5,100. Tena zabibu zake lazima zichumwe kwa mkono. Kinachobaki unalipia jina.

Usibabaishwe na zile aina 13 za zabibu zinazosifiwa. Ni ruhusa tu. Wengi hujaza grenache, na wapo wasiotia kingine. Maneno "vieilles vignes", mizabibu ya zamani, hayana kipimo cha kisheria. Usiyaongezee hata senti kabla hujauliza mizabibu ina miaka mingapi.

Sasa gharama za pembeni. Ukiona HT kando ya bei, kodi ya asilimia 20 bado haijaingia. Nauli ya kusafirisha chupa moja inaweza kumeza akiba yote, na wauzaji wengine hawatumi chini ya chupa 6. Kubwa kuliko zote ni kusubiri: Châteauneuf nzuri ikiwa changa hukaza ulimi, hivyo inataka miaka kadhaa gizani, kwenye nyuzi 12 hadi 14. Kabati la jikoni litaiharibu.

Kwa mlo wa wiki hii nunua Lirac, au Vacqueyras ya eneo hilohilo. Jirani yake Gigondas ina nguvu zaidi, ila nayo bei imepanda. Mfuko ukibana, chukua Côtes du Rhône Villages yenye jina la kijiji. Ni salama kuliko Châteauneuf ya bei ya kutupa.

Kama ni zawadi ya mkwe anayelijua jina, hapo lipa. Tafuta iliyokwisha kukaa miaka kadhaa kwa muuzaji anayeihifadhi vizuri, yenye maandishi "mis en bouteille au domaine", yaani imejazwa shambani kwa mwenyewe, na uombe risiti.