Kweli au Si Kweli: Filamu za Msituni Zinavyotangazwa Bamburi

Filamu ya msituni ikikaribia kuonyeshwa Mombasa, hutanguliwa na maneno mengi. Wanaoitangaza wana imani zao, sisi watazamaji wa Bamburi tuna zetu, na nyingi tumezipokea bila kuziuliza. Naipenda sinema, na sipendi iuzwe kwa uongo, hasa kwa watoto. Basi tuzipime.

«Filamu ya msituni hupigwa msituni.» Mara nyingi si kweli. Tarzan wa Johnny Weissmuller, aliyetoka mwaka 1932, alirukia miti ya California. Ndovu wake walikuwa wa Asia, wakavishwa masikio ya bandia wafanane na wa Afrika. Mandhari ya Afrika yaliyochomekwa humo yalikuwa mabaki ya Trader Horn, filamu ambayo kampuni ya MGM ilikuja kweli kuipiga Afrika Mashariki mwaka 1929. Na The Jungle Book ya 2016? Msitu wote ule wa India ulitengenezwa kwenye studio ya Los Angeles na kwenye kompyuta, na filamu ikashinda Oscar kwa ufundi huo.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha nyumbani. Mwaka 1898 simba wawili wa Tsavo waliwala wajenzi wa reli iliyoanzia hapa Mombasa. Hollywood ilikisimulia kwa The Ghost and the Darkness, 1996, lakini kamera ziliwekwa Afrika Kusini, na simba wa filamuni wana manyoya mengi shingoni, ilhali wale wa kweli walikuwa madume wasio nayo. Ukitaka kuwaona wenyewe, wamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field Museum, Chicago. Sioni kosa kupiga filamu popote fundi apendapo. Kosa ni kumwambia mtu ambaye treni yake ya Nairobi hukatiza Tsavo kwamba pale anapopaona kwenye skrini ndipo Tsavo.

«Bamburi ina saruji na hoteli, msitu haina.» Si kweli, na hapa ndipo watangazaji wanapopoteza nafasi bora waliyo nayo. Kiwanda cha saruji kilianza kuzalisha mwaka 1954, kikichimba mawe ya matumbawe. Palipochimbwa pakabaki mwamba mtupu, jua kali na maji ya chumvi chini yake. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, akaanza kupanda miti mle ndani ya machimbo. Miche ya aina nyingi ilikufa. Mvinje ukashika. Lakini mvinje nao ulileta tatizo lake: majani yake membamba yalianguka yakarundikana, hayaozi, na bila kuoza hakuna udongo. Haller akaleta jongoo wenye miguu myekundu. Jongoo wakayala yale majani, wakatoa mboji, mboji ikawa udongo, na juu ya udongo huo ikaota miti mingine. Leo machimbo hayo ni Haller Park, penye twiga, viboko, kobe na ndege. Ndipo alipoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akamganda kobe mzee aitwaye Mzee, na picha zao zikazunguka dunia.

Nieleze kwa nini nimekaa sana hapa. Mtoto wa Utange au Kiembeni anaweza kuufikia msitu huu kwa tuktuk, msitu ambao watu na jongoo waliutengeneza juu ya mwamba. Mtangazaji anayeleta filamu ya safari za porini angefanya vyema kuanza na watoto wa shule wanaotoka kutembea pale, awaonyeshe trela hapohapo wakiwa bado wana maswali. Hata wakikosa nauli ya kwenda ukumbini, watakuwa wamepata kitu.

«Bango likitisha, ndipo linauza.» Hili nalipinga kwa nguvu zote. Bango la zamani la msituni lilikuwa na fuvu, moto na mganga aliyekodoa macho. Pwani yetu ina misitu ambayo wazee wanaiheshimu na kuitunza: Kaya za Wamijikenda. UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, misitu kadhaa iliyotawanyika takriban kilomita 200 kando ya pwani. Ndani yake kuna makaburi, njia za desturi na miti isiyokatwa. Na katika pwani hiihii, Kilifi na Kwale, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya mvi zao. Mtu anayebandika kwenye steji ya Mtambo, hapa Bamburi, picha ya mzee wa msituni kama jini la kuogopwa anachochea moto unaowaka tayari. Na asithubutu kwenda Kaya kupiga picha za matangazo bila idhini ya wazee wenyewe.

«Bango ni karatasi tu, bandika popote.» Si kweli. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, bodi ya kuainisha filamu, KFCB, hukagua filamu na mabango yake pia. Na Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kusimamia matangazo ya nje, kelele, kumbi za sinema na maonyesho ya video. Kwa hiyo gari lenye vipaza sauti linalopita Bombolulu hadi Shanzu nalo linahitaji ruhusa.

«Watu wa Bamburi si watu wa sinema.» Nusu kweli. Ukumbi mkubwa ulio karibu ni Nyali Cinemax, na kwa familia ya watu watano, tikiti na nauli ni pesa ya kufikiriwa mara mbili. Lakini hawa ni watoto na wajukuu wa watu waliojaza Regal, Majestic na Naaz kule mjini, wakitazama filamu za Kihindi. Hamu haikufa. Ilihamia kwenye vibanda vya video, ambako filamu hufasiriwa na kusimuliwa kwa Kiswahili.

Na hapo kuna imani nyingine: kwamba msimulizi huiharibu filamu. Sikubali. Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa hapa Kenya wamewafanya watu wasiofuata Kiingereza kuwa watazamaji kamili, wanaocheka kwa wakati na kuogopa kwa wakati. Lililo kweli ni kwamba kusimulia juu ya filamu ya mtu bila idhini yake ni kuvunja hakimiliki. Basi msambazaji atoe idhini, amlipe msimulizi, trela isikike kwa Kiswahili cha hapa. Sijui tangazo lingine litakaloingia haraka hivyo masikioni mwa watu wa Mwembeni.

«Wikendi ya kwanza ndiyo inayoamua.» Kweli, kwa kuwa kumbi hupanga ratiba upya kila wiki, na filamu isiyo na watu huondolewa. Ila wikendi ya Bamburi hufuata Idd, likizo za shule na mwezi wa Desemba kuliko tarehe za Marekani. Vilevile hufuata matatu. Onyesho la saa tatu usiku humtoa mama na watoto wake Nyali karibu na saa sita, na hakuna mama atakayelikubali. Onyesho la saa nane mchana, Jumamosi, ndilo la kutangaziwa Bamburi, na saa ya kutoka iandikwe kwenye bango chini ya saa ya kuingia.