Nyama ya Ng'ombe, Bia Nyeusi na Moto Mdogo

Vyakula na historia zake: sehemu ya tatu

Wiki iliyopita tulimwacha mkulima wa Ireland na chungu chake cha kale: nyama ya kondoo aliyezeeka, viazi, vitunguu na maji. Mchuzi mweupe, na wanaoshikilia jadi hawataki hata karoti iuguse. Leo tunahamia kwenye ule mwingine, mweusi, wa nyama ya ng'ombe na bia ya stauti. Siku hizi huo ndio unaoletwa mezani mgeni akiagiza chakula cha Kiairishi hotelini, lakini mkulima yule angewekewa sahani yake, pengine angeuliza umetoka nchi gani.

Kwake ng'ombe hakuwa kitoweo. Ireland ya kale ilipima utajiri kwa ng'ombe, na hadithi yake kuu ya kishujaa, Táin Bó Cúailnge, inasimulia vita vilivyopiganwa kwa sababu ya fahali mmoja. Mmaasai angeielewa bila kufafanuliwa. Watu walikunywa maziwa na kula siagi. Mnyama mwenyewe aliachwa aishi. Baadaye, miaka ya 1660, Bunge la Uingereza lilipozuia ng'ombe hai wa Ireland wasiingie sokoni kwake, wafanyabiashara wa Cork waligeukia kuchinja, kutia nyama chumvi na kuifunga kwenye mapipa. Mapipa hayo yalilisha mabaharia na mashamba ya watumwa huko Karibi. Aliyemchunga ng'ombe alibaki na viazi, na ugonjwa wa viazi ulipoingia mwaka 1845 hakuwa na cha kushika. Watu wapatao milioni moja walikufa na wengine kama hao wakahama, huku meli zikizidi kung'oa nanga zimebeba vyakula vya nchi hiyo hiyo. Mchuzi wa ng'ombe ni chakula cha vizazi vilivyokuja baadaye kupata uwezo wa kula mifugo ya kwao.

Bia nayo ina safari yake. Ilianzia London, ambako wapagazi na vibarua wa karne ya 18 walikunywa bia nyeusi iliyoitwa porter. Arthur Guinness alikodi kiwanda cha St James's Gate mjini Dublin mwaka 1759 kwa mkataba wa miaka 9,000 na kodi ya pauni 45 kwa mwaka (wenye nyumba wanaopandisha kodi kila Januari wasiusome mkataba huo). Alitengeneza bia za kawaida kwa miaka mingi, hadi mwaka 1799 alipoziacha akabaki na nyeusi. Mwaka 1817 Mwingereza Daniel Wheeler alipata hataza ya mtambo wa kukaangia kimea, pipa la chuma linalozungushwa juu ya moto kama la kukaangia buni, na tangu hapo nafaka kidogo iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi ilitosha kutia rangi pipa zima la bia. Leo Guinness hutumia shayiri iliyokaangwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 200. Kwa mpishi, habari yenyewe ni hii: anachomimina chunguni ni uchungu wa nafaka iliyokaangwa, jamaa wa karibu wa kahawa chungu ya Mombasa, na uchachu kidogo juu yake.

Sasa kifaa tutakachopikia mchuzi huu. Sloo kuka ni chungu kizito kilichozungushiwa nyaya za umeme na kufunikwa kwa kifuniko cha kioo. Aliyekibuni ni Irving Naxon wa Chicago, aliyepata hataza yake mwaka 1940. Mama yake alikulia Vilna, Lithuania, na alimsimulia jinsi familia za Kiyahudi zilivyopeleka vyungu vya maharage na nyama kwa mwoka mikate siku ya Ijumaa, vikalala ndani ya tanuri lililokuwa likipoa, ili Sabato ipate chakula cha moto bila mtu kuwasha moto. Naxon aliuza kifaa chake kama chungu cha maharage. Kampuni ya Rival ya Kansas City ilinunua biashara yake mwaka 1970, na mwaka uliofuata ikakitoa upya kwa jina la Crock-Pot, wakati wanawake wengi wa Marekani walikuwa wakitoka kwenda kazini asubuhi na kurudi jioni.

Hapa nitoke nje ya njia kidogo, maana jambo lenyewe ni la hatari na maharage ndiyo chakula chetu. Chungu hiki kilichobuniwa kwa maharage hakifai kupikiwa maharage mekundu mabichi. Maharage hayo yana sumu ya asili, aina ya lektini, ambayo huvunjwa na mchemko wa nguvu tu. Joto la wastani haliivunji, na laweza hata kuizidisha makali. Yaloweke usiku, mwaga maji, yachemshe kwenye sufuria kwa dakika zisizopungua 10 maji yakirukaruka, ndipo uyahamishie kwenye sloo kuka. Asiyefanya hivyo atatapika na kuharisha ndani ya saa chache, na huenda akamlaumu muuza nyama.

Turudi kwenye mchuzi wetu. Wengi hununua sloo kuka wakidhani ni mpishi, kumbe ni mtunza joto tu. Haikaangi, haikaushi, wala haipunguzi mchuzi, kwa sababu mvuke unaopanda hugonga kifuniko, ukageuka maji na kurudi chini. Joto lake hupanda kwa saa kadhaa hadi karibu na mchemko na kukaa hapo. Chochote kinachohitaji moto mkali au hewa kavu lazima mpishi akifanye mwenyewe kwenye sufuria kabla. Ndiyo maana sikubaliani na mapishi yanayosema tupa kila kitu ndani uondoke. Ladha ya mchuzi huu hupatikana au hupotea katika nusu saa ya kwanza, kabla kifaa hakijawashwa.

Anza buchani. Usinunue sarara wala steki. Ni kupoteza fedha, maana nyama laini ikikaa saa nane kwenye joto hubaki nyuzi kavu. Omba muundi, bega au kidari, kilo moja bila mifupa, yenye utando na mishipa myeupe ambayo wateja wengine huikataa. Weupe huo ni kolajeni, na kolajeni ikikaa muda mrefu kwenye joto la nyuzi 70 na kuendelea hulegea na kuwa jelatini, ile inayofanya midomo inate kidogo ukinywa supu ya makongoro. Ng'ombe wetu wengi ni zebu waliokula nyasi na kutembea sana, na nyama huchinjwa usiku ikauzwa asubuhi bila kulazwa. Mapishi ya Ulaya yanayotaja saa sita yaliandikwa kwa ng'ombe mwingine. Hapa hesabu nane, hata tisa.

Kata vipande vya kama sentimita nne, vifute vikauke kabisa kwa kitambaa safi, vinyunyizie chumvi, pilipili manga na vijiko viwili vya unga wa ngano. Pasha sufuria nzito, tia mafuta, weka vipande vichache kwa nafasi. Sasa sikiliza. Nyama inayokaangika vizuri hutoa sauti kavu, ya kupasuka-pasuka. Ukiijaza sufuria, sauti hiyo hufa, maji huvuja kutoka kwenye nyama, rangi huwa ya kijivu na unasikia mchemko. Hapo hukaangi tena, unatokosa, na maji hayapiti nyuzi 100 hata moto uwe wa namna gani (Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, huchemka kwenye nyuzi kama 94). Wekundu wa kahawia tunaoutaka, ambao Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza kemia yake mwaka 1912, huja kwa haraka kwenye nyuzi 140 hivi. Kwa hiyo kaanga kwa awamu tatu au nne, kila kipande kigeuzwe mpaka kipate ganda la rangi ya kahawa pande mbili, basi. Si lazima kizungukwe chote.

Toa nyama. Kwenye mafuta yale yale tia vitunguu maji viwili vikubwa vilivyokatwa na uwe na subira navyo, kama dakika 10, hadi vilegee na kupata rangi ya dhahabu, kwa sababu utamu wao ndio utakaokabiliana na uchungu wa bia. Ongeza vitunguu saumu na kijiko kimoja cha nyanya ya kopo, ukoroge hadi nyanya iwe nyekundu ya kiza. Kisha mimina stauti. Itafura povu hadi karibu na ukingo, halafu itatulia. Hapo kwangua chini kwa mwiko, maana ganda lile la kahawia lililoshika sufuria ndilo chumvi na roho ya mchuzi. Acha ichemke bila kifuniko mpaka ipungue kama theluthi moja. Hii ndiyo nafasi pekee ya kuipunguza, kwani kifaa hakitakusaidia.

Kipimo cha bia ndicho kinachowaharibia wengi. Mapishi ya Ulaya husema kopo zima la mililita 440, yakikusudia Guinness laini ya kule. Inayouzwa zaidi Afrika Mashariki ni Foreign Extra, yenye kileo kingi na uchungu mwingi kuliko hiyo. Mililita 250 zinatosha kwa kilo ya nyama, pamoja na kiasi hicho hicho cha supu ya mifupa na kijiko kidogo cha sukari. Mchuzi utaonekana haba, haufuniki nyama. Usiongeze maji, nyama na vitunguu vitatoa yao.

Na pombe je, si huishia motoni? Haiishi. Watafiti wa Marekani walilipima jambo hili mwaka 1992 wakakuta chakula kilichotokota kwa saa mbili na nusu bado kina kama asilimia 5 ya kileo kilichotiwa, na chini ya kifuniko kinachorudisha mvuke hakuna sababu ya kutegemea nafuu kubwa. Asiyekunywa kwa ajili ya dini, na yeyote anayepikia watoto au mtu aliyeacha ulevi, asidanganywe na maneno ya jikoni. Aiache kabisa. Badala yake atumie supu ya mifupa nusu lita, robo kikombe cha kahawa nzito isiyo na sukari na kijiko kidogo cha siki. Uchungu wa kukaangwa utakuwepo na uchachu utakuwepo. Mchuzi huo nimeula mara nyingi kwenye nyumba zisizoingia chupa, na sioni kwamba ni mchuzi wa daraja la pili.

Viazi vina ukaidi wake. Mtu hufunua baada ya saa sita akakuta nyama imelegea na kiazi kinagonga meno, akadhani kifaa kimeharibika. Kinachotokea ni kwamba mboga hushikiliwa na pektini, ambayo inahitaji joto kubwa kuliko kolajeni ili iachie, na uchachu wa bia na nyanya huifanya ikaze zaidi. Dawa yake ni mpangilio: viazi nusu kilo na karoti tatu viwe chini kabisa na pembeni, karibu na ukuta unaopata moto kwanza, vikatwe vidogo kuliko nyama. Nyama ikae juu, na mchuzi wa moto umwagwe mwishoni na majani ya thaimu. Kiazi cha unga kama Shangi ya Kenya kitameguka kidogo na kuuongezea mchuzi uzito, jambo ambalo Waairishi hulipenda.

Chungu kijae nusu hadi theluthi mbili, nyama isiwe na barafu, na kifuniko kisiguswe. Kila ukifunua unapoteza joto linalochukua kama dakika 20 kurudi. Usionje saa ya tatu. Wakati huo nyuzi za nyama zimekaza na kolajeni haijaachia, kwa hiyo ndipo nyama inapokuwa ngumu kuliko ilivyotoka buchani.

Umeme wenyewe haulaji sana: kifaa cha wati 200 kwa saa nane ni uniti 1.6. Shida ni kukatika. Chakula kinapokaa chini ya nyuzi 60 kwa saa kadhaa, bakteria huzaliana, na wengine huacha sumu isiyoondoka hata ukichemsha tena. Ukiwa nyumbani, hamishia mchuzi kwenye gesi au jiko la mkaa mara moja. Ukirudi kazini ukakuta saa ya kifaa inamwekamweka na hujui umeme ulipotea muda gani, mwaga, hata kama harufu inakushawishi. Mwenye umeme wa kubahatisha apike kwenye sufuria nzito yenye kifuniko juu ya makaa yaliyofunikwa majivu, saa tatu hadi nne, akiongeza maji kidogo kidogo. Hapotezi chochote ila uhuru wa kutoka nyumbani.

Ireland mchuzi huu huliwa na mkate au viazi vya kupondwa. Kwa ugali unakwenda vizuri, ila punguza viazi vya chunguni. Unaobaki usiuache upoe ndani ya chungu kile kizito, ambacho hushika uvuguvugu hadi usiku wa manane. Ugawe kwenye bakuli pana, uingie kwenye friji ndani ya saa mbili, na kesho uuchemshe kwenye sufuria, si kwenye sloo kuka. Siku ya pili uchungu wa stauti huwa umetulia na mchuzi umeshikana; wageni waalikwe siku hiyo.

Wiki ijayo: mkate wa magadi na maziwa ya mtindi, usiohitaji hamira.