Skrini ukutani: Ukuta upimwe kwanza, sinema baadaye

Mwezi huu ukurasa wa Nyumbani unaongea juu ya kitu ambacho familia nyingi zimeanza kukipenda: projekta. Mashine yenyewe siku hizi ni ndogo, inaingia ndani ya mfuko. Majirani wanachanga, wanainunua pamoja, halafu jioni watoto wanaona picha kubwa ukutani. Jambo zuri. Lakini watu wanahangaika sana na mashine, na skrini wanaisahau. Wanapiga misumari miwili, wanatundika mbao na shuka, wamemaliza. Na chini ya hiyo mbao ndipo watoto wanapokaa!

Basi neno letu la mwezi huu ni moja: kinachobeba skrini si braketi, ni ukuta. Pimeni ukuta kwanza, halafu braketi, na watu waingie mwisho.

Kwa nini ndani, si uwanjani?

Sinema ya uwanjani ni ya zamani katika nchi zetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 ule mradi wa filamu ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za jirani, ukionyesha watu filamu za kilimo na afya. Karibu na siku zetu, shirika la FilmAid, lililoanza mwaka 1999 kwa ajili ya wakimbizi wa Kosovo, lilifika kambi ya Kakuma kule Kenya na kuonyesha filamu usiku kwenye skrini kubwa iliyobebwa na lori. Watu walikaa chini kwa mamia.

Lakini huku Katunguru uwanja wa usiku una wenyewe. Mfereji wa Kazinga, unaounganisha ziwa George na ziwa Edward, umejaa viboko, na hifadhi ya Queen Elizabeth imetuzunguka. Kiboko hushinda majini mchana. Jua likizama anapanda nchi kavu kula majani. Tembo naye hana mpaka. Kukusanya watoto nje saa mbili usiku, halafu kuwatawanya gizani kurudi nyumbani, si mchezo.

Njia nyingine ni kibanda cha video. Uganda nzima wanavijua: benchi zimebanana, na viji anatafsiri filamu kwa mdomo huku inaendelea. Vibanda vina raha yake. Ila pale mzazi hachagui filamu, na mtoto asiye na shilingi anachungulia dirishani. Skrini ya nyumbani, au ya ukumbi mdogo wa majirani, inampa mzazi nafasi ya kuchagua. Tena si burudani peke yake. Mwezi wa sita mwaka 2019, Ebola ilipovuka kutoka Kongo na kuonekana hapa wilaya ya Kasese, kwenye hospitali ya Bwera, kila mtu alitaka habari ya kweli kwa lugha anayoisikia. Siku kama hizo skrini ya majirani ni shule.

Ukuta wako ni wa namna gani?

Gongeni ukuta kwa ngumi, halafu sikilizeni.

Ukuta wa matofali ya kuchoma unatoa sauti nzito. Huo unafaa. Toboeni katikati ya tofali lenyewe, si kwenye kiungo kati ya tofali na tofali, kwa sababu udongo wa kiungo unamomonyoka. Tundu la milimita 8 lenye kina cha sentimita 6 linatosha kwa skrubu ya milimita 5. Kina hicho kihesabiwe ndani ya tofali, lipu isihesabiwe. Tieni plagi ya plastiki ndani ya tundu. Ikikosekana, chongeni kijiti cha mti mgumu uliokauka, kigongeni mpaka kiingie chote, halafu skrubu ipite katikati yake. Msumari mtupu kwenye tofali haufai. Unapasua, na kila siku unalegea kidogo kidogo.

Ukuta wa matofali mabichi, yasiyochomwa, unadanganya. Skrubu inaingia vizuri, hata inakaza, kumbe imeshika mavumbi tu. Hapa tumieni mbao mbili, moja ndani na moja nje ya ukuta, na bolti ndefu zinazopita ukuta mzima na kuzibana pamoja. Braketi zinafungwa kwenye mbao ya ndani. Kwa nje funikeni sehemu hiyo na kipande cha bati, mvua isiingie kwenye matundu.

Ukuta wa fito na udongo, ambao ni nyumba ya wengi wetu, usipewe mzigo wowote. Udongo ni wa kuziba upepo, sio wa kubeba. Tafuteni nguzo za nyumba, zile zilizochimbiwa chini, na mfunge mbao ya kulala kutoka nguzo hadi nguzo. Kama nguzo zimeliwa na mchwa, simamisheni miti miwili mipya mbele ya ukuta, kila mmoja uingie ardhini sentimita 60, na udongo ushindiliwe vizuri. Na nyumba ya turubai? Miti miwili hiyo hiyo. Msifunge skrini kwenye fremu ya hema. Upepo wa ziwani ukivuma, vyote vinaondoka pamoja.

Braketi: mguu mrefu, mkono mfupi

Braketi ni chuma kilichokunjwa kama herufi L. Fundi wa kuchomelea wa Bwera au Kasese atawatengenezea. Mguu ndio unaolala ukutani, mkono ndio unaotoka nje kubeba mbao ya skrini. Watu wengi wanaagiza mkono mrefu. Haya, tupige hesabu.

Skrini ya kilo 8 kwenye braketi mbili, kila moja inabeba kilo 4. Kama mkono ni sentimita 30 na mguu ni sentimita 10, skrubu ya juu inavutwa kutoka ukutani kwa nguvu ya karibu kilo 12. Geuzeni: mkono sentimita 10, mguu sentimita 20. Sasa skrubu inavutwa kwa kilo 2 tu. Uzito ni ule ule, ukuta ni ule ule. Kwa hiyo mwambieni fundi: mguu uwe mara mbili ya mkono, matundu mawili kwenye mguu, na ncha ya mkono ikunjwe juu ili mbao isiteleze.

Skrini yenyewe si lazima inunuliwe. Shuka nyeupe isiyo na maua, ikunjwe iwe tabaka mbili, nyuma yake kitambaa cheusi ili mwanga usipenye. Juu pigilieni mbao nyepesi ya mita 2. Chini shoneni pindo na kupitisha fimbo nzito iinyooshe. Braketi zikae sentimita 40 kutoka kila mwisho wa mbao, yaani mita 1 na sentimita 20 kati yake. Hivyo mbao haipindi katikati.

Picha ya upana wa mita 2 ina urefu wa karibu sentimita 113. Ukingo wa chini uwe mita 1 kutoka sakafuni. Hapo watoto wanakaa kwenye mkeka, watu wazima kwenye benchi nyuma yao, na vichwa havizibi picha. Kwa projekta nyingi za kawaida, umbali ni kama mara moja na nusu ya upana: upana mita 2, projekta iwe mita 3 kutoka ukutani. Jaribuni kwanza kabla ya kutoboa chochote, kwa sababu chumba kikiwa kifupi picha nayo itakuwa ndogo, na matundu hayahami.

Kunyoosha mstari, kama hakuna pima maji, chukueni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, jazeni maji, mmoja ashike huku na mwingine kule. Maji yakitulia, yamekaa sawa pande zote mbili. Wekeni alama hapo.

Jerikani ndiyo hakimu

Kabla ya kutundika skrini, tundikeni maji. Jerikani la lita 20 likijaa lina kilo 20. Fungeni moja kwa kamba kwenye kila braketi, sentimita chache tu juu ya sakafu, na mfunge mlango ili mtoto asipite chini. Liache lilale hapo usiku mzima. Asubuhi angalieni: skrubu imetoka hata kidogo? Kuna ufa mpya kwenye lipu? Mguu wa braketi umeachana na ukuta? Kama ndiyo, ukuta umekataa. Msibishane nao, rudini kwenye nguzo. Kama hakuna kilichosogea, kila braketi imebeba mara tano ya kazi yake.

Mtauliza: mara tano ya nini, na skrini ni nyepesi? Ni kwa sababu ya ardhi yetu. Chini ya Rwenzori ardhi haijatulia. Tarehe 20 Machi 1966 tetemeko la Toro liliua zaidi ya watu 100 pande zote mbili za mpaka, na tarehe 5 Februari 1994 ardhi ilitikisika tena karibu na Fort Portal. Tetemeko haliongezi kilo, linatikisa, na kinachokaa tu juu ya mkono wa chuma kinaruka. Kwa hiyo mbao ikishakaa kwenye braketi, izungusheni na waya wa kufungia, mizunguko mitatu kila upande. Ardhi ikitikisika, itaning'inia, haitaangukia kichwa cha mtu.

Umeme na moto

Projekta ya zamani yenye taa kubwa inakula kama wati 250. Zile ndogo za LED, kama wati 60. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya gari au ya asidi isitumiwe zaidi ya nusu, yaani 600. Projekta kubwa itaonyesha saa mbili, filamu moja tu. Ndogo itafika saa nane au zaidi. Fikirini hilo kabla ya kuchanga pesa.

Tadooba isikae karibu na shuka ya skrini, hata kama giza ni kubwa. Waya wa umeme upite kando ya ukuta, si katikati ya mkeka. Matundu ya hewa ya projekta yasifunikwe na kitambaa. Na watoto wasichungulie ndani ya kioo chake ikiwa inawaka, mwanga ule unaumiza macho.

Kama mnataka kutundika kwenye ukumbi wa jumuiya, ongeeni kwanza na viongozi wa RWC na ofisi ya komandanti, maana ukuta ule ni wa wote. Chagueni mtu mmoja wa kukagua skrubu na waya kila mwanzo wa mwezi. Mzee aliyewahi kuwa fundi seremala kule nyumbani anafaa sana. Wazee wa namna hiyo tunao, wamekaa tu, na mikono yao bado inajua kazi.

Tuseme mara ya mwisho, ndugu zetu: gongeni ukuta, chagueni braketi ya mguu mrefu, tundikeni jerikani usiku mmoja, fungeni waya. Kazi yote ni ya siku mbili. Baada ya hapo tandikeni mkeka, iteni majirani, na watoto wakae mbele bila wasiwasi.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.